Fundi wa Sponji

Kabla hajakusalimia, Fundi alinusa filta yako. Ulisimamisha pikipiki uwanjani, ukavua helmeti, ukasema habari za kutwa, na yeye tayari amefungua ubavu wa pikipiki, amechomoa sponji kutoka ndani ya boksi lake na kuipeleka puani. Alinusa jicho moja likiwa limefumbwa. Baadaye ndipo alipojibu, "Mzuri," akiwa bado anaitazama sponji, na wewe ukabaki hujui ni nani aliyejibiwa.

Huyo ndiye mtu ninayetaka kumweleza, na niseme mapema kwamba kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja sikumwamini hata siku moja. Wala sikuwa peke yangu. Mradi wetu wa kilimo ulikuwa na pikipiki kadhaa za porini, zile ndefu zenye magurudumu ya meno, na ofisi yake ilikuwa Kitale, karakana ikiwa nyuma ya ofisi. Ilikuwa miaka ya themanini. Mimi nilikuwa afisa wa mbegu, mwanamke pekee aliyepewa pikipiki, na eneo langu lilikuwa Kwanza. Kila mtu alikuwa na eneo lake, na kutoka nje ya eneo bila barua ya mkuu lilikuwa kosa la kukupeleka nyumbani moja kwa moja.

Sasa, pikipiki ya namna ile huvuta hewa kupitia sponji iliyolowa oili, na vumbi hunaswa humo kabla halijafika kwenye injini. Sponji ikikauka au ikijaa, injini inakula mchanga, na kufikia msimu wa kupanda unasukuma chuma kwa mikono. Kwa hiyo kila Ijumaa alasiri sote tulirudisha pikipiki karakana, na Fundi akaosha sponji zote mwenyewe. Hakumruhusu mtu mwingine kuzigusa. Alisema kila mtu husema amesafisha, na kila mtu ni mwongo, hata yeye angekuwa mwongo kama asingekuwa fundi.

Ilikuwa kazi safi, hilo siwezi kumnyima. Aliosha kwanza kwa mafuta ya taa ndani ya karai, halafu kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya mche. Petroli aliikataza kabisa, kwa sababu inalegeza gundi inayoshikanisha sponji. Alikamua kwa kubana katikati ya viganja viwili. Ukiinyonga kama unavyonyonga nguo, alikutazama mpaka ukaiacha. Alianika kivulini. Ikikauka aliitia ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na oili kidogo, akaukanda mfuko kwa upole hadi rangi ikawa moja kila mahali, kisha akaminya oili iliyozidi. Mwisho alipaka grisi ukingoni ili vumbi lisipite pembeni, akafunga boksi, na juu ya kifuniko akapiga alama ya dole gumba lake lenye grisi. Hiyo alama ilikuwa ya kumwonyesha kama kuna aliyefungua. Wengine walifunga ofisi kwa kufuli, yeye alifunga pikipiki zetu kwa dole.

Lakini kabla ya kuosha kulikuwa na sahani. Ilikuwa sahani nyeupe ya bati yenye ukingo wa buluu, na aliitunza ndani ya gazeti. Alichukua sponji chafu, akaigonga mara tatu juu ya sahani, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga na kulichungulia vumbi lililodondoka. Alijua udongo wa sehemu zetu kuliko sisi tuliosomea udongo. Vumbi la barabara ya Suam lilikuwa jepesi na la kijivu, kama unga wa wimbi. La Naitiri lilikuwa jekundu lenye chembe za mchanga zinazokwaruza sahani. Wakati wa mavuno alipata makapi ya mahindi na kukuambia wamekoboa upande gani. Siku moja aliniambia kwamba Jumanne nilifuata lori kwa muda mrefu badala ya kulipita au kungoja vumbi litulie. Ilikuwa kweli, na iliniudhi wiki nzima.

"Mtu anaweza danganya," alikuwa akisema, "lakini injini imevuta pahali alikuwa."

Hapo ndipo shaka yangu ilipoanzia. Kuosha sponji hakuhitaji kulisoma vumbi lake. Ulisoma kwa nini, kama huna mtu wa kumsomea? Ilikuwa miaka ambayo watu walitazama nyuma ya mlango kabla ya kutaja bei ya sukari, na kila ofisi ilijulikana kuwa na masikio yake. Sisi tulikuwa tumekwisha amua masikio yetu yamefungwa ndani ya ovaroli ya buluu na yananuka mafuta ya taa. Fundi alipopita, mazungumzo yaligeuka kuwa ya mvua.

Na yeye hakutusaidia kumwona vingine. Chai ya ofisi hakuinywa. Alikuja na chupa yake na kuinywa nyuma ya stoo, ameegemea ukuta. Alikuwa mzee wa kanisa, na mimi nilisali kanisa hilohilo, lakini hakukaa mbele na wazee wenzake. Alikaa kwenye benchi la mwisho kando ya mlango, akahesabu walioingia na waliochelewa. Sabuni aliifungia kwa kufuli. Kopo la oili alilichora mstari wa kalamu mahali oili ilipoishia. Lakini redio yake, kitu pekee cha thamani alichokuwa nacho, aliiacha dirishani mwa karakana siku nzima, mlango wazi, yeye yuko mjini akitafuta boliti. Niliwahi kumuuliza kwa nini afunge sabuni na kuacha redio. Alisema redio ni yake na sabuni ni ya watu. Nililizungusha jibu hilo kichwani nikitafuta lilikoficha ujanja, na kwa sababu sikuuona, nikaamua umefichwa vizuri.

Alijua kukaripia. Mtu wa mifugo, ambaye eneo lake lilikuwa Endebess na ndiye mwenzangu niliyempenda kuliko wote pale, alivuka mto kwa pikipiki siku moja na kuleta sponji imejaa maji. Fundi alimwambia mbele yetu sote kwamba ng'ombe angeiendesha vizuri zaidi. Mtu wa mifugo alicheka hadi machozi yakamtoka, akasema ng'ombe huyo aajiriwe. Alikuwa mtu wa namna hiyo, hakuna neno lililomkaa rohoni. Fundi alimtazama akicheka, na naapa niliona kama anamwonea wivu.

Mama yangu alikuwa akiishi Naitiri, peke yake, na mguu wake ulianza kuvimba. Naitiri haikuwa eneo langu. Ilikuwa upande wa Bungoma kabisa, na kuomba ruhusa kulimaanisha kumweleza mkuu mambo ya mguu wa mama yangu na kusubiri barua mwezi mzima. Jumatano moja nilipita Kwanza mapema, nikawapa wakulima mbegu zao, kisha nikageuza pikipiki. Nilimbeba mama nyuma yangu, leso imemfunga kwangu kiunoni, hadi hospitali ya misheni kule Lugulu, nikamrudisha na dawa zake.

Baada ya kumfikisha nyumbani nilikwenda sentani, pale penye maduka ya Naitiri, kununua sukari yake, na nani anatoka duka la misumari kama si mtu wa mifugo? Pikipiki yake ilikuwa imeegemea ukuta, nje ya eneo kama yangu. Kwao kulikuwa hapo Naitiri, na siku hiyo mafundi walikuwa wakiezeka nyumba yake mpya. Tulitazamana kama wezi wawili waliokutana kwenye dirisha moja.

"Madam," akaniambia, "mimi sijakuona."

"Hata mimi sijakuona," nikamjibu, tukacheka, kila mtu akashika njia yake.

Nilirudi kwa mama nikiwa na jambo moja kichwani, nalo ni sahani nyeupe. Keshokutwa ilikuwa Ijumaa. Nikafanya upumbavu ambao mpaka leo nikiukumbuka nafunika uso. Nilifungua boksi la filta, nikaifuta alama ya dole, nikatoa sponji na kuiosha kwa petroli niliyovuta kwenye tangi, kwa sababu mafuta ya taa ya mama yalikuwa ya taa na sikutaka kumwacha gizani. Nikainyonga kama suruali. Nikaianika juani juu ya jiwe. Ilipofika kutia oili, oili haikuwepo. Mama alikuwa na mafuta ya kupikia, yale meupe ya kuganda ya kopo. Nikayayeyusha kwenye sufuria na kuichovya sponji humo, nikajisifu kwa akili zangu. Alama ya dole nilipiga mwenyewe, kwa mafuta yaleyale.

Nilifika kwangu salama. Lakini Kitale asubuhi kuna baridi, na baridi ikayagandisha mafuta yale ndani ya sponji. Ijumaa pikipiki ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikakataa kuvuta. Niliisukuma kutoka kwenye mzunguko wa barabara hadi karakana, jasho linanitoka, nikijiambia nitasema ni plagi.

Fundi alifungua boksi, akanusa. Akanusa tena, macho yote mawili yakiwa wazi. Karakana nzima ilinuka mandazi. Sponji ilikuwa nyeupe kama imepakwa samli, na pale gundi ilipolegea ilikuwa imeachana kidole kizima. Hakuigonga kwenye sahani, maana hakukuwa na cha kugonga. Alichukua kitambaa cheupe, akapitisha ndani ya boksi lenyewe, chini kabisa, mahali ambapo mimi sikupangusa, na kitambaa kikatoka na mstari mwekundu. Alikitazama, akanitazama, akakikunja na kukitia mfukoni. Jumatatu yake alinirudishia sponji imeoshwa, imetiwa oili, na pale ilipoachana imeshonwa kwa uzi wa fundi viatu, mishono midogo iliyolingana. Angenikaripia ningelala usingizi. Kile kitambaa mfukoni mwake kilinikosesha usingizi, kwa sababu niliamini anakiweka kwa siku atakayonihitaji.

Siku ileile ya Jumatatu, kabla ya saa sita, mkuu alituita sote. Barua isiyo na jina ilikuwa imeletwa. Ilisema kwamba Jumatano mtu wa mifugo alionekana Suam, mpakani, amebeba magendo kwenye pikipiki ya mradi: betri na sigara. Mtu wa mifugo alisimama. Hakuwa akicheka safari hii. Alisema ni kweli alitoka nje ya eneo, lakini hakwenda Suam, alikuwa Naitiri akiezeka nyumba yake.

"Nani alikuona huko?" mkuu akauliza. Mafundi wa kuezeka hakuwataka, alisema hao ni watu wake, watasema lolote.

Mtu wa mifugo hakunitazama hata kidogo. Alitazama ukuta.

"Hakuna," akasema.

Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kusikia anavyopumua. Nilichotakiwa kufanya ni kufungua mdomo. Nilifikiria dawa za mama, nikafikiria mshahara, nikafikiria kitambaa mfukoni mwa Fundi, nikatazama viatu vyangu. Mkuu naye hakuwa mjinga. Alijua habari za sahani. Akamgeukia Fundi na kumuuliza Ijumaa pikipiki ile ilikuja na vumbi la wapi.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni. Kabla ya kujibu alinitazama mimi.

"Vumbi ni vumbi," akasema.

Yeye, aliyejua lori nililolifuata Jumanne. Moyo wangu ulitulia, maana kama hakusema la mwenzangu basi hakusema na langu. Nilifurahi, na sitaficha hilo. Mtu wa mifugo alikabidhi ufunguo wa pikipiki mchana huo, akaondoka na begi lake bila kuaga. Jioni, furaha ilipokwisha, aibu ikaanza kunitafuna, na aibu ile nikaitafutia mtu wa kuibeba. Nikampata Fundi. Nikajiambia ndiye aliyeandika barua. Nani mwingine alijua nani yuko wapi? Alimwonea wivu, akamuuza, na alipoulizwa akakataa kumwokoa. Kila kitu kilipangika vizuri, chai ya nyuma ya stoo, benchi la mlangoni, kufuli la sabuni. Tuliendelea miaka mingine kadhaa hivyo, mimi nikimwachia pikipiki kila Ijumaa bila kumsalimia. Alizidi kunitazama kwa pembe ya jicho, na mimi nikazidi kujua kwamba niko sahihi.

Mradi ulifungwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Pikipiki zilipigwa mnada, kila mtu akaenda njia yake. Mama alikufa. Mimi nilipata kazi ya kufundisha.

Nilimwona tena baada ya miaka kama minne, mjini Bungoma. Nilikuwa nimekwenda kufuatilia karatasi zangu za uhamisho, nikapita upande wa sokoni, nikasikia mtu akigonga chuma kwa namna niliyoijua. Alikuwa ameketi juu ya debe mbele ya kibanda cha mabati akitengeneza bomba la kunyunyizia dawa ya ng'ombe. Nywele zilikuwa nyeupe zote. Ningeweza kupita. Lakini hasira ya miaka ilinipanda, nikasimama mbele yake.

"Habari ya siku nyingi, mzee."

"Mzuri, madam." Safari hii alinitazama.

Sikumzungusha. Nilimuuliza kwa nini alimuuza mtu wa mifugo. Nilisema maneno mengi, mengine ningependa kuyarudisha. Alinisikiliza hadi mwisho, akaliweka bomba chini na kufuta mikono kidole kimoja kimoja.

"Mimi ndio niliuza yeye?" akauliza. "Madam, mimi nilikuwa naogopa wewe."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Siku ile nilikuja kwa hiyo mkutano nikitaka kusema," akaendelea. "Si nilikuwa nimeona sahani? Ilikuwa vumbi ya Naitiri, hata mtoto angejua. Halafu nikaangalia wewe. Nikajiambia, huyu pia alikuwa Naitiri wiki hiyo hiyo, boksi yake imeniambia. Wacha yeye aanze, mimi nitafuata. Ukaangalia viatu. Basi nikajua hii kitu imepangwa, na wewe uko ndani yake. Kama ofisi iko na wewe, mimi ni nani niseme? Nilikuwa na watoto sita, madam."

Nilitafuta mahali pa kukaa, na hapakuwepo. Nilimuuliza kuhusu ile sponji aliyonishonea. Kwa nini amshonee mtu anayemwogopa? Alisema aliishona kabla ya mkutano, Jumapili baada ya ibada, wakati bado alidhani mimi ni mtu tu aliyekwenda kumwona mama yake. Alijua habari za mguu wa mama. Kanisani alisikia nikiuombea.

Kumbe tulikuwa watatu tulioijua kweli, kila mmoja akimngoja mwenzake. Nikamuuliza kama anajua mtu wa mifugo aliishia wapi. Akasema yuko Naitiri, ana ng'ombe wa maziwa, na kwamba yeye, Fundi, alikwenda kwake mwaka uliopita kumwomba msamaha.

"Akakuambiaje?"

"Alinipea chai. Akasema yeye hana neno na mimi." Aliliokota bomba tena, akalishika bila kulifanya chochote. "Halafu akaniuliza kitu moja tu. Akaniuliza, ni madam aliandika ile barua? Kwa sababu yule alimwona huko ni wewe peke yako."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia sijui. Kwani najua?" Akanitazama kwa macho yote mawili. "Sasa niambie wewe. Ilikuwa wewe?"

Nilisema si mimi. Nilisema mara mbili, na mara ya pili hata mimi sikuipenda sauti yangu ilivyotoka. Hakubisha. Aliniuliza kama si mimi, mbona nilinyamaza, na jibu nililokuwa nalo halikuwa la kutamkwa mbele ya mtu mzima. Wapita njia walitukwepa wakiwa na mafungu yao ya mboga. Mwishowe aliniambia kwamba mtu wa mifugo hupatikana nyumbani kila Jumapili baada ya kanisa, na nyumba si ngumu kuijua, ndiyo ile yenye bati lililopigwa zamani karibu na sentani.

Jumapili ya kwanza nilisema ni mvua. Ya pili nikasema nina wageni. Siku hizi sitoi sababu yoyote, siendi tu.